Nilivyosafirisha bomba hadi Ngara kwa shangazi

Mambo vipi, msomaji wangu? Kama mtu wa mjini nikikuuliza hivyo, najua jibu lako: "Bomba!" Basi leo sina habari za muziki wala za disko. Nakuletea bomba lenyewe, la chuma, la kutolea moshi, ambalo nililibeba kutoka Mwanza hadi Ngara, mkoani Kagera, na kila kituo cha basi watu walinitazama kama mwendawazimu aliyetoroka na mlingoti wa bendera.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu ya usiku. Mimi nipo Dar, nimejilaza zangu, feni inazunguka. Simu inaita. Shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Upo salama? Huku jiko lilitaka kutumaliza."

Usingizi wote ukakimbia.

Shangazi yangu ni dada yake baba, mwalimu mstaafu. Alipostaafu hakutaka kukaa kibarazani kuhesabu magari. Alijenga nyumba ndogo ya wageni, vyumba vinne tu, juu ya kilima kwenye viunga vya mji wa Ngara. Nyuma kuna jiko lililoungana na chumba cha kulia. Humo ndani kuna jiko la kuni la chuma cha kuchomelea: matundu mawili ya sufuria, tanki la maji ubavuni, mlango wa kuni chini. Jiko hilo linapika maharage, linachemsha maji ya wageni kuoga, na jioni ndilo linalowapa joto. Na usidhani joto ni anasa kule. Wewe wa Dar unayelala na feni hujui baridi ya Ngara mwezi wa Julai. Asubuhi ukungu umefunika vilima, mabonde huyaoni, na ukisema "Habari za asubuhi" salamu inatoka na mvuke.

Sasa fundi mmoja, ambaye jina lake naliacha, ndiye aliyemfungia bomba la moshi. Alitumia bati moja jembamba, akalikunja, akatoboa silingi bodi, akatoboa paa, akalipitisha. Pale juu bomba lilikuwa limeegemea papi, yaani zile mbao zinazoshika mabati. Limeegemea hasa, kama mlevi na nguzo.

Haikuwaka siku ile wala mwezi ule. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hatuijui. Mbao ikipashwa joto kila siku, muda mrefu, inakauka, inakuwa nyeusi ndani kwa ndani, inaelekea kuwa mkaa. Ikishafika hapo haihitaji moto mkali tena. Joto ambalo mwaka jana lisingeifanya chochote, mwaka huu linaiwasha. Usiku wa saa nane papi ikashika moto. Binti anayemsaidia shangazi alikuwa amelala chumba cha stoo, ukuta mmoja tu na jiko. Aliyewaamsha ni mbuzi wa jirani aliyelia bila kukoma. Majirani wakaja na ndoo na mchanga, wakapanda juu, wakang'oa mabati mawili, wakauzima.

"Binti yangu angekufa kwa sababu ya bati la elfu kadhaa," shangazi alisema. "Nataka bomba la dabo. Lile la kuta mbili. Nimeliona kwa masista. Nitafutie, uniletee mwenyewe, usimpe konda."

Dada wa baba akisema uniletee mwenyewe, hiyo siyo ombi. Nikaomba likizo.

INCHI SITA YA WAPI?

Nilifika Mwanza, nikatafuta mafundi bati. Nikamweleza mmoja: nataka bomba la kuta mbili, chuma cheusi, siyo bati la zinki, vipande vitatu vya mita moja moja. Habari ya chuma cheusi nilikuwa nimeisoma. Bati la kuezekea lina ngozi ya zinki, na zinki ikipata joto kali la jikoni hutoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo sehemu inayoguswa na moto isiwe bati la kuezekea. Fundi akanitazama kwa heshima kidogo, kama mtu aliyekutana na msomi.

"Inchi ngapi, bosi?"

Nikampigia shangazi, akapima mdomo wa jiko lake kwa futi kamba ya cherehani. "Inchi sita, mwanangu."

"Inchi sita," nikamwambia fundi.

Msomaji wangu, kumbuka hilo neno. Tutalirudia na utanicheka.

Kesho yake nikapanda basi na mzigo wangu umefungwa kwa magunia. Zamani ukitoka Mwanza kwenda upande ule ilibidi usubiri kivuko pale Kigongo, unakula mahindi ya kuchoma hadi meno yanauma. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Basi linapita dakika chache tu, hata hujamaliza kupiga picha. Kisha Sengerema, kisha Geita ya dhahabu, Katoro ya biashara, Bwanga, na jua likiwa linashuka tukaingia Biharamulo.

Biharamulo nililala. Ni mji mtulivu, wenye hewa nzuri, na juu kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene nyeupe, limekaa kilimani likitazama kila anayekuja. Nililizunguka asubuhi kabla ya basi. Zile kuta zilinifundisha kitu kabla hata sijafika kwa fundi wa Ngara: nje jua lilikuwa limeanza kuchoma, lakini ukuta upande wa kivulini ulikuwa baridi kama mtungi. Ukuta mnene hauruhusu joto kupita upesi. Shika hapo.

Kutoka Biharamulo barabara inaingia kwenye pori. Zamani upande huu watu walikuwa wanasafiri roho mkononi. Miaka ya baada ya vita vya jirani, majambazi wenye bunduki walikuwa wanateka magari, na mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi. Siku hizi mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu mwaka 2019. Dereva wetu alikuwa anapiga stori na abiria wa mbele kana kwamba tupo Kariakoo.

Lusahunga malori yamepanga foleni, mengine ya Rwanda, mengine ya Burundi. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mwenye kikapu cha parachichi, alikuwa ameukodolea macho mzigo wangu tangu Biharamulo. Mbele kidogo, kabla ya Nyakahura, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akaingia, akaangalia, akaona lile gunia refu la duara lililolala kwenye njia.

"Hii nini?"

"Bomba, afande."

"Bomu?"

Basi zima likanyamaza. Mama wa parachichi akajisogeza dirishani.

"Bomba, afande! Bom-BA! La moshi!"

Akafungua gunia, akachungulia upande huu, akaniona upande wa pili. Akacheka hadi kofia ikamkaa upande. "Kwa hiyo unampelekea nani? Umeoa huku?" Nikamwambia kwa shangazi. "Haya, msalimie shangazi." Tangu hapo abiria wote wakaniita Mzee wa Bomba, na mama wa parachichi akanipa moja bure kwa kuwa sikumlipua.

PALE BENACO

Basi likafika Benaco. Ukipita leo utaona njia panda yenye maduka, malori, chipsi na bodaboda. Barabara moja inaenda Rusumo mpakani na Rwanda, nyingine inapanda Ngara mjini. Jina lenyewe limetokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Lakini dunia nzima ililijua jina hilo kwa sababu nyingine.

Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, mji wa maturubai ya plastiki. Baadaye zikaongezeka kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, na Lukole ya Warundi. Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996.

Unashangaa hii inahusiana vipi na bomba la shangazi? Inahusiana sana. Watu wale walipewa mahindi na maharage. Na maharage, ndugu yangu, hayapikwi kwa maombi. Yanataka saa kadhaa za moto. Fikiria sufuria makumi elfu kwa makumi elfu, kila moja juu ya mafiga matatu, upepo unapiga, nusu ya moto unakwenda hewani. Miti ya karibu ikaisha kwanza. Kisha ya mbali kidogo. Baadaye mtu alikuwa anatembea kilomita 10 na zaidi kutafuta mzigo mmoja wa kuni, na wenyeji nao hali ile ile, maana msitu ulikuwa mmoja. Mashirika yakaanza kufundisha mambo ambayo bibi zetu walikuwa wanayajua: loweka maharage usiku, funika sufuria, saga mahindi, jenga jiko la udongo lenye ukuta kuzuia upepo, pasua kuni ziwe ndogo na zikauke.

Nilishuka basi lilipokuwa linapakia, nikanunua maji, nikasimama kutazama vilima. Miti imerudi sehemu nyingi, mingine ya kupandwa. Lakini mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa aliniambia hivi: "Kijana, sisi hapa tumeona kwa macho kuni zinavyokwisha. Mtu wa mjini anafikiri kuni zinaota."

FUNDI WA MAKOPO

Shangazi alinipokea kwa kunikumbatia, kisha akalikumbatia bomba. Nikaona amepungua, na anakohoa. Kikohozi kile cha chini, cha mtu aliyevuta moshi miaka mingi bila kuwasha sigara hata moja. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Ukisoma gazetini ni namba. Ukimwona shangazi yako anashika kifua akiinama kuchochea moto, siyo namba tena.

Akamwita fundi. Mzee mwembamba, Mhangaza, kofia ya sufi, mkasi wa bati kiunoni kama bastola. Huyu alijifunza kazi kambini. Wakati ule alikuwa kijana wa kibarua, akaona jinsi wakimbizi walivyokuwa wanachukua makopo ya mafuta ya msaada, wanayapasua, wanayanyoosha, wanatengeneza vibatari, vikaangio, faneli, hadi milango. "Chuo changu kilikuwa cha bati," alisema. "Ada ilikuwa vidole kukatika."

Nikamfungulia mzigo kwa mbwembwe. Akachukua kipande kimoja, akakipeleka kwenye mdomo wa jiko. Akanyamaza. Akachukua futi.

"Mwanangu, nani alipima?"

"Shangazi. Inchi sita."

"Sawa. Mdomo wa jiko ni inchi sita. Na bomba lako ni inchi sita kwa nje. Ndani je?"

Nikachungulia. Bomba la ndani lilikuwa inchi nne.

Hapo ndipo unaponicheka. Fundi wa Mwanza alisikia inchi sita, akatengeneza ukuta wa nje inchi sita. Mimi msomi wa chuma cheusi sikumwambia kwamba bomba la kuta mbili linapimwa kwa tundu la ndani, lile linalopitisha moshi. Nikajaribu kujitetea: si tunaweza kubana tu, likaingia?

Mzee akatikisa kichwa. "Ukimpunguzia moshi njia, hafi. Anarudi kukuuliza kwa nini." Akanieleza kwamba bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa jiko, mahali popote, toka chini hadi juu. Ukilibana, moshi unatafuta mlango mwingine, na mlango huo ni uso wa mpishi.

Shangazi alinitazama kwa yale macho ya mwalimu akikusanya madaftari. Nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini fundi wa makopo hakosi njia. Alichomoa vile vya inchi nne, akaviweka pembeni. Vile vya inchi sita, kwa kuwa vilikuwa chuma cheusi, akavifanya kuwa ukuta wa ndani. Kisha kesho yake akakunja bati jipya la inchi nane kuwa ukuta wa nje. Sita ndani ya nane, inabaki inchi moja ya hewa kila upande, imeshikwa na vipande vidogo vya chuma ili kuta zisigusane. Ukuta wa nje hauguswi na moto, kwa hiyo bati la kawaida linafaa.

Nikamuuliza, kwa nini kuta mbili? Si chuma ni chuma?

"Wewe Dar ukinunua chai ya barabarani inawekwa wapi?"

"Kwenye chupa."

"Kwa nini siyo kwenye kopo?"

Nikaelewa, na boma la Biharamulo likanijia kichwani. Moshi unapanda kwa sababu ni wa moto, na kitu cha moto ni chepesi. Ukipita kwenye bati moja jembamba katika baridi ya Ngara, unapoa kabla haujafika juu, unakuwa mzito, unasitasita, unarudi chini. Tena ukipoa unaacha jasho jeusi linalonata kama lami ndani ya bomba. Lami hiyo ikijaa inaweza kushika moto ndani kwa ndani, na hapo hata mbuzi wa jirani hatakusaidia. Kuta mbili zinafanya kazi mbili kwa mkupuo: ndani moshi unabaki wa moto unapanda mbio, nje bomba halichomi kila kinacholikaribia.

Halichomi, lakini siyo kwamba ni barafu. Wenzetu Ulaya na Marekani, ambako majiko haya ndiyo hita za majira ya baridi, vipimo vyao vya kawaida ni hivi: bomba la ukuta mmoja likae mbali na mbao au silingi bodi sentimita 45 hivi, la kuta mbili sentimita 15. Vipimo halisi hutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Fundi wetu hana maelekezo ya mtengenezaji. Yeye ndiye mtengenezaji. Akachukua kipimo chake mwenyewe: shubiri moja na nusu, hakuna mbao. Nikapima kwa futi, ikapita sentimita 30. Nikakaa kimya, nilikuwa nimeshajifunza kutopima mbele za watu.

PALE PANAPOUNGANA

Kazi kubwa haikuwa bomba. Ilikuwa maungio. Mzee alisema sentensi ambayo nimerudi nayo Dar: "Bomba halikosi kwenye bomba. Linakosa pale linapokutana na mwenzake."

Ungio la kwanza, kwenye jiko. Mimi ningeweka bomba livae mdomo wa jiko kwa nje, kama kofia. Yeye akafanya kinyume. Kila kipande cha juu, ncha yake nyembamba inaingia ndani ya kipande cha chini. Kwa nini? Kwa sababu ile lami nyeusi ikishuka, inateleza ndani kwa ndani hadi kwenye moto, inaungua huko. Ukigeuza, inavuja kwenye ungio, inachora michirizi nje, inanuka mwaka mzima. Bomba la moshi siyo mfereji wa mvua, lakini wima lake linafuata sheria ile ile: fikiria kinachoshuka, usifikirie kinachopanda tu. Kila ungio akalipiga skrubu tatu.

Ungio la pili ndilo gumu: pale bomba la chumbani linapokutana na lile linalopita darini na kutoka nje. La kupita darini linatakiwa liwe na kinga zaidi, na mahali pale wa ndani lazima aungane na wa ndani, wa nje na wa nje. Ukiunganisha ukuta wa nje tu, kwa macho linapendeza, kumbe ndani kuna mwanya, na moshi wa moto unamwagika katikati ya kuta mbili. Umelipia dabo, umepata singo. Wenye viwanda wanauza kiunganishi maalumu cha kazi hiyo. Mzee alikaa nusu siku anakunja chake, anajaribisha, anakitoa, anakikunja tena.

Darini akakata silingi bodi tundu pana la mraba, akaondoa kipande cha papi iliyoungua, akafunga mbao nyingine mbali kuzunguka tundu ili kenchi isilegee. Tundu akalifunika kwa bati lenye nafasi. Juu ya paa akaweka kipande cha bati kilichokatwa kama sketi, makali yake ya juu yakiingia chini ya bati la paa ili mvua isipite. Kisha bomba likapanda juu. Nikauliza liende hadi wapi. Kipimo cha wenzetu ni angalau sentimita 90 juu ya pale linapotoka, na lipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kama kichwa cha paa. Likiwa fupi, upepo wa kilimani unaruka juu ya paa na kuusukuma moshi urudi chini. Mwisho akavalisha kofia ya bati, mvua isiingie.

Saa kumi jioni tukawa tayari. Binti akaleta kuni. Mzee akamzuia. "Bomba ni baridi. Hewa baridi imekaa ndani imejaa kama maji kisimani. Ukiwasha kuni sasa, moshi utagonga hodi ukose pa kupita." Akaniomba karatasi. Nilikuwa na gazeti nililolinunua Mwanza. Akachana ukurasa, akaufinyanga, akausukuma karibu na mdomo wa bomba, akauwasha. Ukavuma, fuuu, ukavutwa juu. Ndipo akaweka vijiti vikavu, kisha kuni zilizopasuliwa.

Sote tulikimbia nje, hata shangazi. Kwanza hakuna kitu. Kisha kijisuli cheupe kikatoka kwenye kofia, kikasita, kikanyooka juu. Ndani ya dakika kumi hivi moshi ukawa mwembamba kiasi cha kutoonekana. Tukarudi ndani. Chumba hakikuwa na moshi. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nje wa bomba: la moto, ndiyo, lakini mkono ulivumilia kidogo.

Shangazi akainama kuchochea. Akainuka. Hakukohoa. Akasimama tu hapo anatazama jiko, akafuta macho kwa kitenge. "Nimezoea kulia jikoni," akasema. "Leo nalia bila moshi."

Sitakudanganya kwamba kikohozi kimeisha. Mapafu hayafungwi upya kwa skrubu tatu. Lakini kuanzia siku ile halivuti tena.

KABLA SIJAONDOKA

Najua kuna msomaji anasema: si anunue gesi? Nilimuuliza. Ana mtungi mdogo, wa chai na mayai ya wageni. Maharage, ndizi na maji ya kuoga yanakwenda kwenye kuni, kutoka miti aliyoipanda mwenyewe. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, mwisho ukiwa Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Pale Rusumo, mtambo wa megawati 80 unazalisha umeme unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mambo yanakuja. Lakini maharage ya leo hayasubiri 2034, na mtu atakayepika kwa kuni leo ana haki ya kupika bila kuungua na bila kuvuta moshi.

Na wewe wa mjini, usifikiri hayakuhusu. Ukienda Mbeya, Arusha, Lushoto au Ngara ukaona baridi, usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha. Mkaa hauna bomba. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na watu wamelala nayo wasiamke. Ukiona jiko lenye bomba, tazama juu: limeegemea mbao? Ungio linavuja weusi? Sema, hata kama ni nyumba ya watu. Na kila baada ya msimu ligongwe, lifunguliwe, masizi yatolewe.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia kahawa ya Ngara na maharage kilo tano. Vile vipande vya inchi nne fundi alivipasua akavifanya mfereji wa kunyweshea kuku. Kila asubuhi kuku wa shangazi wanakunywa maji kwenye kosa langu.

Njiani, basi lilipofika kwenye kile kizuizi, askari alikuwa yule yule. Akanikumbuka. "Mzee wa Bomba! Limefika?"

"Limefika, afande."

"Linavuta?"

"Bomba!"